Jicho la Ubao

Ukiingia National Theatre ya London kutokea upande wa mto Thames, usikimbilie kutazama juu. Sogea ukutani kwanza, uweke kiganja. Zege lile lina nyuzi za mti. Hapa kuna jicho la ubao, pale mikwaruzo ya msumeno, na kila zilipokutana mbao mbili umebaki ukingo mwembamba wa saruji iliyopenyeza kabla ya kukauka. Mbao zenyewe ziling'olewa zamani.

Jengo lilichorwa na Denys Lasdun, likajengwa kati ya 1969 na 1976, ubavuni mwa daraja la Waterloo. Wa kulichukia hawakukosekana. Mwaka 1988 Charles, wakati huo bado mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, alilifananisha na mtambo wa nyuklia uliopenyezwa katikati ya jiji bila mtu kupinga. Hata jina la mtindo huu, brutalizimu, wengi husikia ukatili ndani yake, wakati linahusishwa na neno la Kifaransa brut, yaani ghafi: zege lililoachwa bila lipu.

Na kwenye lipu ndiko uliko ugumu wa kazi. Kwetu, mbao za kumwagia zege zikiachia kidogo, au ukuta ukatoka na vitundu kama sega la nyuki, fundi lipu huja nyuma kumsitiri mwenzake. Nyumbani kwangu upo ukuta mmoja uliositiriwa hivyo, lipu nene kama chapati, nami nilishukuru. Maseremala wa Lasdun hawakuwa na wa kuwasitiri. Mbao zilipasuliwa zikaachwa bila randa, ili nyuzi zichapike. Kila ubao ulitumika mara mbili tu, upande mmoja, kisha wa pili. Kwa maneno mengine, walijenga jengo zima la mbao kwa kinyume, wakijua litabomolewa lote. Zege nalo halina subira: likishamwagwa ni kulitikisa hewa itoke, lijaze kila pembe, kabla halijaanza kushika.

Mvua ikinyesha, sikatai, jengo hununa. Lakini ndani, taa zikimulika ukuta kwa ubavu, kila uzi wa mti huota kivuli chake, na ile rangi ya kijivu inakuwa na mambo mengi ya kutazama.

Kwenye kumbi zake za nje mtu huruhusiwa kukaa bila tiketi, kwa hiyo mimi hukaa. Karibu na ngazi kuna jicho moja kubwa, limepasuka katikati. Ikiwa ubao ule uligeuzwa kama ilivyokuwa desturi, basi pacha wake yumo humu humu, ufa umeelekea upande wa pili. Nimeshazunguka ghorofa mbili nikipapasa kuta, walinzi wakinitazama. Bado sijamwona.