Mshipi, Chubwi na "Kiongozi": Maoni juu ya Tafsiri za Uvuvi

Tumeletewa kijitabu cha kurasa chache, kilichotafsiriwa ili kiwafundishe vijana wa pwani kuvua kwa mshipi wakiwa chomboni, nasi tukatakiwa kukitolea maoni. Hatutamtaja mfasiri wala ofisi iliyomtuma, maana makosa yake ni makosa ya wengi wetu. Lugha yake ni safi, upatanisho wa kisarufi hauna kasoro, na hakuna neno la Kiingereza lililoachwa katika matini. Hata hivyo, mvuvi atakayefuata maelekezo yake neno kwa neno atarudi na ngalawa tupu, na huenda zana zake zikabaki mwambani.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote, nalo limejificha ndani ya neno la kawaida kabisa: uzito. Kijitabu kinamwambia mvuvi achague "mshipi wenye uzito wa ratili 30". Ratili hizo haziupimi mshipi wenyewe hata kidogo. Watengenezaji wa nyuzi za nailoni huandika kiasi cha mvuto ambao uzi huweza kuustahimili kabla haujakatika, na ratili 30 ni kama kilo 13 na nusu. Mwanafunzi akienda dukani na maneno ya kijitabu ataomba mzigo wa uzi wa kulemea ngalawa. Ingetosha kusema "mshipi unaostahimili mvuto wa kilo 13 na nusu".

Tena nguvu si jambo la pekee la kutazamwa. Mshipi wa mkono hushikwa kwa vidole vitupu, hauna ufito wala gurudumu la kuusaidia. Ukiwa mwembamba hukata ngozi pindi chewa anapojitupa kurudi pangoni mwake. Kwa ajili hiyo wavuvi hupenda uzi mnene, wa milimita moja hivi, ingawa nguvu yake hupita mbali uzito wa samaki wanaotarajiwa. Habari ya unene haimo kijitabuni.

Juu ya ndoana, mfasiri amehamisha tarakimu bila ya kuhamisha mpango wake. Namba za ndoana huenda kinyumenyume: Na. 8 ni ndogo kuliko Na. 4, na Na. 4 ni ndogo kuliko Na. 1. Kutoka hapo namba huandikwa pamoja na mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, nazo sasa hupanda pamoja na ukubwa. Yaelekea sifuri hizo zilidhaniwa kuwa kosa la chapa, zikafutwa. Basi ndoana 6/0, ifaayo chewa, imekuwa Na. 6, ifaayo visamaki vya kufanyia chambo. Hapa hapana neno lililokosewa, na kwa sababu hiyo hakuna msahihishaji aliyeliona kosa.

Yako pia makosa ya maneno yenyewe. Kitu kizito kinachouzamisha mshipi kimeitwa "kizamishio". Neno hilo limeundwa kwa kanuni zote za uundaji, wala hatulilaumu kwa umbo lake. Tunalilaumu kwa kuwa halikuhitajika. Wavuvi wanalo neno chubwi, nalo limo katika kamusi zetu. Kipande cha waya kinachotangulia ndoana, ili meno ya nguru yasikate nailoni, kimeitwa "kiongozi", na tunasoma kwamba "kiongozi asiwe na kutu, na akikunjika atupwe". Tulicheka, tukakumbuka kuwa kijitabu kimekusudiwa kusomwa madarasani. Kipande cha waya kingeitwa kipande cha waya, na kila mtu angeelewa.

Mahali pa kulifunga chubwi pametupa shaka kubwa zaidi. Kijitabu chasema, "Funga kizamishio chini." Chini ya nini? Anayevua juu ya miamba huliweka chubwi mwisho kabisa wa mshipi, ndoana zikining'inia juu yake kwa matawi mafupi, na chubwi lenyewe hulifunga kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Likinasa, uzi huo hukatika, na ndoana husalimika. Kwenye mchanga, mahali penye mkondo mdogo, mwingine huliweka chubwi juu ya ndoana ili chambo kilale chini kwa utulivu na samaki akidonoe bila ya kuhisi uzito. Haya ni matengenezo mawili tofauti, na neno moja "chini" limeyafuta yote mawili. Chubwi na ndoana hununuliwa kwa fedha. Anayezipoteza kila anaposhusha mshipi hatakisoma kijitabu chetu mara ya pili.

Ndugu mmoja, mwalimu wa bara, alipoyasikia maoni haya alitupinga kwa haki. Kwake yeye mshipi ni wa kufunga kiunoni, na wanafunzi wake hawajapata kulisikia neno chubwi. Kwa hiyo, asema, "kamba ya kuvulia" na "kizamishio" hujieleza vyema zaidi. Twakubali kwamba chubwi lielezwe mara ya kwanza linapotajwa, tena kwa picha. Lakini mshipi hatuuachi: hakuna mtoto atakayedhani kuwa ndoana hufungwa kwenye mshipi wa suruali, na kamba humpeleka msomaji kwenye nanga na tanga.

Limebaki neno moja ambalo hata sisi halijatutulia. Ni kile kipande kidogo cha chuma chenye vitundu viwili, kiungacho mshipi na waya, ambacho huzunguka ili mshipi usijisokote. Kijitabu kimekiita "kizunguko", neno ambalo madereva wamekwisha kulichukua kwa ajili ya njia panda zao. Kwa sasa twaandika "pete ya kuzunguka", na wasomaji walio karibu na wavuvi twawaomba watuletee jina linalotumika huko kwao.