Sifa za Mfichaji

Wapo wanaoficha ili kisionekane kamwe: bahili fedha zake, mwizi mali ya watu. Fundi ninayemsifu hapa ni wa namna nyingine. Yeye huficha kopo kichakani au kando ya njia, kisha huutangazia ulimwengu mzima latitudo na longitudo yake, ili mgeni asiyemjua aje alitafute. Kopo hilo huitwa jiokashi. Ndani yake mna daftari au kikaratasi cha kutia jina, na likiwa kubwa, pengine vikorokoro vya kubadilishana. Lipeleke sokoni, hutapata hata bei ya kikombe cha chai. Lakini kulificha vizuri ni kazi ya akili, ya mkono na ya adabu, na anayetaka kuipima kazi hiyo sawasawa apande baiskeli aende kulitafuta.

Mchezo huu unajulikana siku uliyozaliwa. Hadi Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiziharibu kwa makusudi ishara za setilaiti za GPS walizopewa raia, hata kifaa cha mkononi kikawa kinakosea kiasi cha mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru jambo hilo likome, na usiku wa kuamkia tarehe 2 likakoma. Tarehe 3, Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi ya plastiki akaiweka vichakani huko Beavercreek, si mbali na Portland, katika jimbo la Oregon. Alitia daftari, penseli na vitu vingine kadhaa, likiwemo kopo la maharage, akatangaza mahali ilipo. Sharti lake lilikuwa jepesi: ukichukua kitu, acha kitu. Mike Teague, wa jimbo jirani la Washington, aliipata ndani ya siku chache. Ulmer alitaka kujua kama kifaa kitaweza kumfikisha mtu kwenye ndoo. Kilimfikisha. Tangu siku hiyo kufika si hoja tena. Ufundi umehamia kwenye hatua chache zinazobaki baada ya kufika.

Hatua hizo si haba. Simu ya leo, chini ya anga wazi, hukosea kama mita tano. Chini ya miti minene, zaidi ya hapo. Setilaiti zinazoruka zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, zikiwa na saa za atomiki tumboni, hukuleta hadi ukingoni mwa duara lenye takriban mita 80 za mraba, na hapo msaada wake huisha. Mbele yako kuna kisiki, uzio, nguzo ya bango, rundo la mawe na majani makavu. Unaegemeza baiskeli, unatia simu mfukoni. Kuanzia hapo mambo ni baina ya watu wawili, aliyeficha na anayetafuta, hata kama mmoja wao yuko nyumbani kwake amelala.

Sisi tuliolelewa na vitendawili tunaijua sheria ya mambo hayo. Anayetega anaruhusiwa kukuzungusha apendavyo, na ukishindwa atakudai mji; lakini jibu likitajwa, lazima ujione mjinga wewe mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa mbele ya macho yako. Mfichaji stadi hufuata sheria hiyohiyo. Huchukua bolti, akaitoboa ndani, akasokota kikaratasi humo, akaibandika kwa sumaku kwenye nguzo ya bango la barabarani. Waendesha baiskeli mia watapita bila kuishuku. Lakini anayesimama na kuzitazama bolti moja moja ataona kwamba zote zinashika bango, isipokuwa moja ambayo haishiki kitu. Au atachimba tumbo la gogo na kulitia kasha, gome likiwa sawasawa na la miti ya pale, ila gogo limelala mahali ambapo hakuna mti ulioanguka. Alama ya haki imo. Mwenye kufikiri ataiona.

Mfichaji mbovu naye ana njia yake. Hutupa kopo la filamu ya kamera ndani ya rundo la mawe mia tatu, akaondoka akijiona bingwa. Kopo lake litasumbua watu kweli, lakini anayelipata hulipata kwa uchovu wa mgongo, na rundo huachwa limesambaratika. Kila jiokashi hupewa vipimo viwili, kimoja cha ugumu wa kutafuta na kingine cha ugumu wa njia, kila kimoja kuanzia nyota 1 hadi 5. Nyota tano za mawe na nyota tano za akili huandikwa vilevile, ila kila aliyeinama pale anajua tofauti yake. Hata kidokezo kina ufundi. Kwa desturi huandikwa kwa fumbo la herufi zilizosogezwa nafasi 13, A ikawa N, B ikawa O, ili asiyetaka msaada asiusome kwa bahati mbaya. Kidokezo bora hakikwambii lolote ukiwa nyumbani. Ukisimama mahali penyewe, hukupeleka macho panapostahili.

Bado sijafika kwenye sehemu ngumu ya kazi hii, nayo ni kuchagua mahali. Mwaka 1854, James Perrott, mwongozaji wa watembeao kwenye nyika ya Dartmoor huko Uingereza, aliacha chupa penye kinamasi cha Cranmere Pool ili wafikao watie kadi zao. Chupa haikuwa na maana, na kinamasi chenyewe hakina uzuri wa kusimulia. Perrott alikuwa amewapa watu sababu ya kuivuka nyika yote ile kwa miguu.

Kwa baiskeli, mfano ninaoupenda ni mkoa wa Limburg, Ubelgiji. Ilikuwa nchi ya makaa ya mawe, na mgodi wa mwisho, wa Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Miaka mitatu baadaye Hugo Bollen, mhandisi wa migodi, aliuwekea mkoa huo mtandao wa njia za baiskeli ambamo kila njia panda ina namba, wazo alilolitoa kwenye njia za chini ya ardhi. Unaandika namba zako kwenye kikaratasi, unakifunga kwenye usukani, unakwenda. Mtindo huo ulienea hadi Uholanzi na kwingineko. Karibu na Genk, huko Bokrijk, tangu 2016 njia inapasua bwawa katikati, maji yakiwa usawa wa macho ya mwendeshaji. Hapo kila mtu husimama, kwa hiyo mfichaji hana kazi hapo. Kazi yake iko kwenye kona ambayo wote huipita wakikanyaga kwa nguvu: chini ya kilima cha mabaki ya makaa ambacho misitu imeanza kukimeza, au penye daraja dogo lisilo na jina. Mwenye gari hawezi kusimama huko, na mtembea kwa miguu atafika mahali pachache kwa siku. Baiskeli hupita taratibu kiasi cha kunusa misonobari, na breki moja inatosha.

Baiskeli ina fadhila nyingine wanayoijua watafutaji. Mtu anayepapasapapasa nguzo ya bango huzua maswali; anayeinama kwenye mnyororo wake haulizwi na mtu. Na maswali si mchezo. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu mmoja aliona mwenzake akihangaika na kasha akatoa taarifa, na wataalamu wa mabomu wakalilipua. Ndiyo maana mfichaji mwenye adabu huomba ruhusa ya mwenye mahali, hachimbi shimo, hapigi msumari kwenye mti, na huacha angalau mita 161 baina ya kopo lake na la mwenzake.

Kisha mvua hunyesha. Mpira wa kifuniko hulegea, karatasi huloa, majina ya wageni huyeyuka. Wengi walioficha kwa shangwe huishia hapo, na kopo likabaki takataka yenye anwani. Fundi hupanda baiskeli yake na karatasi mpya mfukoni, akaenda kilomita zake zote kwenye jibu analolijua tayari, hana cha kutafuta wala wa kumshangilia, akakausha, akabadilisha, akafunga. Kuficha anaweza hata mtoto wa darasa la pili. Ufundi ninaousifu ni huu wa kurudi, kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado na ambaye pengine hatamjua fundi huyo kamwe.