Santuri na Kadi Zake: Jina la Mwimbaji katika Soko la Vilivyotumika

Katika maduka mengi ya santuri zilizotumika hapa Uingereza, nyimbo zetu hupangwa sanduku moja na za mabaharia wa Ireland na wakulima wa Scotland, chini ya kibao kimoja: muziki wa jadi. Mwaka jana nilitoa santuri mbili katika sanduku la namna hiyo. Moja ilikuwa ndogo, ya taarabu, yenye nembo ya Mzuri ya Assanand and Sons wa Mombasa. Ya pili ilikuwa kubwa, ya msururu wa The Sound of Africa wa Hugh Tracey, na jalada lake lilikuwa na muhuri wa maktaba iliyokwisha kuiuza. Muuzaji alizipima zote mbili kwa mambo mawili tu: mikwaruzo na uadimu. Kwa sisi tunaoelewa kinachoimbwa, kipimo hicho hakitoshi.

Tuanze na nembo. Santuri ya biashara hubeba jina la mwimbaji kwa sababu jina ndilo liuzalo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni yenye nembo ya His Master's Voice, alikwenda kama msanii mwenye jina lake, na Shaaban Robert baadaye aliyaona maisha yake yanastahili kitabu cha wasifu. Kuuita muziki wa namna hiyo "jadi" ni kusahau kwamba una waimbaji, wapigaji na washairi wanaojulikana. Hata hivyo, nembo ya taarabu nayo ina dhambi yake: humtaja aliyeimba na mara nyingi humwacha aliyetunga.

Santuri ya utafiti hufuata desturi nyingine. Kinachotangulizwa ni jamii, ala au eneo, na msikilizaji wa mbali hudhani anasikia kabila zima likiimba kwa kinywa kimoja. Lakini tusimwonee Tracey. Msururu huo wa santuri zaidi ya 200, uliotolewa na International Library of African Music aliyoianzisha mwaka 1954, uliambatana na kadi za maelezo ya nyimbo na waimbaji wake. Mwaka 1973 maelezo hayo yalichapishwa katika katalogi ya juzuu mbili. Santuri niliyoinunua haikuwa na kadi hata moja. Plastiki ilisafiri, majina yakabaki nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona kwamba mengi tunayoyaita jadi, yasiyo na mwenyewe, ni mali iliyopotelewa na daftari lake.

Anayenunua jadi hutafuta pia usafi: sauti ambayo haijaguswa na mashine. Hapo Chemirocha hutoa jibu zuri. Tracey aliurekodi wimbo huo Kapkatet, Kenya, mwaka 1950, kwa sauti ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kipsigis. Jina la wimbo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, lilivyotamkwa na watu waliomsikia kwenye gramafoni. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwaza mgeni huyo kuwa nusu mtu, nusu paa. Basi wimbo unaosifiwa kwa uasili wake umezaliwa kutokana na kusikiliza santuri, na wasichana wale walifanya kazi ya wahakiki: walisikia sauti ngeni, wakaifasiri, wakaijibu.

Nakubali kwamba bila wageni waliokusanya tungekuwa maskini zaidi. Santuri za zamani, kabla ya plastiki, zilivunjika kama vigae. Lakini kuhifadhi kitu si sawa na kukisoma, na kazi ya kusoma haiwezi kuachiwa muuzaji.

Santuri ya Mzuri niliisikiliza jioni kadhaa nikiyaandika maneno yake. Neno moja la ubeti wa pili lilinishinda. Nikampigia simu mama mdogo, Mombasa, nikaiweka simu karibu na spika. Aliniacha nirudie mara mbili, kisha akacheka: neno nililolisikia kuwa "moyo" lilikuwa "mwiyo", yaani mwayo, na ubeti wote ukageuka kutoka mapenzi kuwa kejeli. Akanitajia na mtunzi anayemdhania, akaniasa nisiandike mpaka niulize wengine.

Majina ya waimbaji wa santuri ya Tracey niliyapata katika katalogi, nikayanakili kwenye karatasi na kuitia ndani ya jalada. Ya Mzuri nayo ina karatasi yake: maneno yote, na nafasi tupu mahali pa mtunzi. Siku moja zitauzwa tena, na ningependa atakayezinunua aanze na karatasi hizo kabla ya kuhesabu mikwaruzo.