Mgeni Anayesubiri Jembe

Anayeshuka daladala Buguruni Sheli na bahasha mkononi hutambuliwa kabla hajavuka barabara. Wauza mahindi ya kuchoma wanamsoma kwa mbali: huyu ni wa mikopo, wa mradi, au wa kutafuta kura. Ni mara chache wanakisia kwamba ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, aliyekuja kujifunza namna wao wanavyoishi.

Ndani ya bahasha mna barua. Imetoka chuoni, ikapita halmashauri ya jiji, ikashuka kwa mtendaji wa kata, ikafika ofisi ya serikali ya mtaa na kugongwa muhuri. Bado haijafika. Mwenyekiti ataisoma hadi mwisho, ataikunja, kisha atasema, "Sasa kamuone mjumbe." Mjumbe wa nyumba kumi ni cheo kilichoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Siku hizi ni wa chama, si wa serikali, lakini uswahilini milango mingi bado hufunguka kwa kauli yake. Atamkaribisha mgeni barazani, atamwita mwanangu, atamuuliza kwao wapi, anakaa kwa nani, ameoa au ameolewa, na chuo kitamlipa nini. Aliyekuja kuhoji huanza kwa kuhojiwa.

Hapo ndipo shahada ya anthropolojia inapoanza kwa kweli. Mihadhara na vitabu vya mwaka wa kwanza vina kazi yake, ila ni kama kufundishwa kusukuma chapati kwa maelezo: unga, maji, chumvi, na mikono bado haijui kitu.

Tazama swali la kwanza ambalo karibu kila mwanafunzi hulibeba. "Mama, kwa mwezi unapata shilingi ngapi?" Mama ntilie anayeulizwa si mwongo. Tatizo ni kwamba mwezi haumo katika hesabu zake. Mafuta ananunua ya kupima, sukari ya kupima, mkaa wa kopo. Mtaji wa kesho umo ndani ya sufuria ya leo. Atataja namba yoyote ili mgeni aridhike. Mwenye dodoso ataiandika, atashukuru, ataondoka. Mwanafunzi wa anthropolojia hana ruhusa ya kuondoka. Atarudi kesho, na kesho kutwa, na siku ya kumi na mbili atapewa mbuzi akune nazi. Akiwa ameinama pale, macho kwenye kifuu, ndipo atakaposikia mazungumzo yasiyomhusu: nani anadaiwa, nani amekopeshwa wali, nani zamu yake ya kupokea upatu. Atajifunza kwamba mtaa huu una mjumbe na pia una kijumbe, yule anayekusanya fedha za upatu kila jioni, na kwamba huyu wa pili akiumwa mtaa mzima unajua. Atajua pia kuwa zamu zilibadilishwa wiki iliyopita kwa sababu mtoto wa mmoja alilazwa, na hakuna aliyeandika popote. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa akiitafuta. Dodoso lisingeipata.

Buguruni ina historia yake katika kazi ya namna hii. Mwaka 1987 na 1988 Aili Mari Tripp alifanya utafiti Buguruni na Manzese, na mwaka 1997 akachapisha kitabu juu ya uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam. Yeye ni mtaalamu wa siasa, si mwanaanthropolojia, lakini alichokipata kilihitaji jicho la kianthropolojia. Miaka ile mshahara ulikuwa umebaki jina. Karatasi za serikali zilimtambua baba mwenye ajira. Ndani ya nyumba, maandazi, barafu na cherehani za akina mama ndizo zilizolisha watu. Serikali ilikuwa imetunga Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wakati huohuo watu haohao walikuwa wakifanya kazi tangu alfajiri. Tripp alionyesha kwamba wakazi hawa, kwa kuendelea tu na shughuli zao, waliilazimisha serikali ilegeze kamba. Jambo kubwa hivyo la siasa ya nchi lilionekana kutoka kwenye kizingiti cha nyumba ya kupanga.

Na jicho lile halikutoka mbali. Mama wa Tripp ni Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika Tanganyika miaka ya 1950 kufundisha, na ambaye katika miaka ya 1960 alihamia kijijini Bunju kuishi na Wazaramo. Tasnifu yake ya mwaka 1970 inahusu mila na alama zao, ukiwemo uwali na mti wa mkole. Baadaye, kati ya mwaka 1975 na 1979, alikuwa mmoja wa viongozi wa mradi wa utafiti wilayani Bagamoyo ulioitwa Jipemoyo. Jina hilo ni la Kiswahili, jipe moyo, na nia ya mradi ilikuwa wanakijiji wasikae wakitazamwa, bali nao wayatafiti matatizo yao wenyewe. Mama Bunju, binti Buguruni. Ufundi ulirithishwa kama unavyorithishwa ususi wa mikeka, na Bunju yenyewe siku hizi imemezwa na jiji.

Si kila aliyekuja kutazama watu alikuja kwa heshima hiyo. Katika miaka ya 1950 J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, alifanya uchunguzi wa wakazi wa Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 1963 bado kinasomwa kwa utajiri wa habari zake. Hata hivyo kilianza kama kazi ya mtawala aliyetaka kuwajua anaowatawala. Mshairi wa Uganda Okot p'Bitek, aliyesoma anthropolojia Oxford, alichukizwa kusikia walimu wakiwaita Waafrika washenzi, na mwaka 1970 aliandika kitabu kizima kuwajibu wasomi wa Magharibi. Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wa Kenya, naye aliketi darasani kwa mwanaanthropolojia Malinowski jijini London, na mwaka 1938 akachapisha kitabu juu ya Wagikuyu wenzake, akisema kwa niaba ya watu waliozoea kusemewa. Aliyesema anthropolojia ni elimu ya wakoloni alisema kweli. Lakini Okot na Kenyatta hawakulitupa shoka, walilishika mpini.

Kwa mwanafunzi mzawa, ugumu uko kwingine. Mgeni wa mbali hushangaa kila kitu. Mtoto wa Ilala hashangai. Anajua kwamba mama mdogo ni mama na baba mkubwa ni baba. Anajua pia kwamba kwa Wazaramo, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba ni zito. Kwa kuwa anayajua, hayaoni. Mwaka 1941 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani milimani Usambara, aliandika makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Mtu wa ndege! Aliuliza kitu ambacho hakuna Mnyamwezi wala Mzaramo angepoteza muda kukiuliza: kwa nini huyu anaruhusiwa kumtukana yule, na yule hakasiriki? Ufundi ni kujifanya mgeni nyumbani kwenu, bila dharau na bila kuigiza.

Kifaa cha kazi hii ni daftari. Kila usiku, hata kama umeme umekatika, mwanafunzi huandika yote ya mchana kabla usingizi haujayalainisha: nani alikaa kwenye mkeka na nani kwenye kiti, nani alinyamaza alipoingia mpangaji wa chumba cha mbele, neno gani lilitumika kwa deni. Majina hubadilishwa, maana mtu aliyekusimulia ndoa yake hakukupa ili majirani wamsome. Ni kazi ya kuchosha, na nusu ya kurasa hazitaingia kwenye tasnifu. Wanaoiruka hujulikana, tasnifu zao zina watu wasio na mikono.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Buguruni hakuna shamba, kwa hiyo jembe huja kwa sura nyingine, na mara nyingi huja msibani. Turubai limefungwa, wanaume wako nje kwenye mabenchi, watani wa marehemu wamezuia jeneza na wanadai hela ndipo lipite. Uani wanawake wameketi mbele ya beseni la vitunguu. Mwanafunzi amesimama karibu na ukuta, hajui akae wapi. Mmoja, bila kuinua kichwa, anamsogezea kisu.

Anakaa, anamenya, analia kama wengine kwa sababu ya vitunguu na kwa sababu nyingine. Jioni, mazishi yakiisha, michango inahesabiwa, na anatafutwa mtu mwenye mwandiko wa kusomeka. "Wewe mwanangu mwenye daftari, njoo uandike." Anafungua ukurasa mweupe baada ya maelezo yake ya jana, na wanamtajia: chumba cha mbele, elfu tano, mwenye genge, elfu kumi na sukari kilo mbili, bibi wa nyumba ya pili, elfu moja, na mkeka.