Kandersteg, Jamani! Mpeleke Mtoto Kambini

Jamani, nimerudi kutoka Kandersteg na kundi letu la skauti, na sijatulia hata kidogo! Sweta langu bado linanuka moshi wa kuni, masikio bado yanasikia kengele za ng'ombe, na kila ninayekutana naye namvuta pembeni namwambia njoo, njoo, kaa nikusimulie. Leo zamu yako. Una kijana wa skauti nyumbani? Una mpwa anayeshinda na simu likizo nzima? Au wewe ndiye kiongozi wa kundi na watoto wanakuuliza kila mwaka, safari hii tunakwenda wapi? Basi vuta kiti. Watalala wapi, watakula nini, baridi je, swala je, choo je: maswali hayo hayo ndiyo niliyokwenda nayo, na majibu niliyoyakuta kule ni matamu, matamu mno, na bado!

Kandersteg ni kijiji cha Uswisi, ndani kabisa ya milima ya Alps, na kule mwisho wa kijiji, pale bonde linapobanwa na majabali kushoto na kulia, ndipo kilipo kituo cha kimataifa cha skauti. Kipo tangu 1923! Nyumba yao kubwa ya mbao iliwahi kukaliwa na wafanyakazi waliokuwa wakichimba handaki la reli la Lötschberg, lile lililofunguliwa 1913. Wachimbaji wakaondoka, nyumba ikabaki, skauti wakaingia, na hawajatoka mpaka leo. Na unajua nani alikuwa na ndoto ya mahali pa namna hii, pa vijana wa dunia nzima kukutana wakati wowote bila kungoja jambori, ule mkutano mkuu wa skauti? Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, yule mzee aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Mimi nilipokumbuka kwamba mwenye ndoto amelala kwetu Afrika Mashariki, nikajiona si mgeni tena.

Hebu nianzie njiani, maana raha inaanza kabla hujafika. Unashuka Zürich, unapanda treni, unabadili Bern, halafu ukishapita Spiez na Frutigen treni inaanza kupanda. Inapanda, inajikunja, inaingia handakini, inatoka, inajikunja tena! Kuna gofu la ngome juu ya jabali, unaliona dirisha hili, kidogo unaliona dirisha la upande wa pili, watoto wanakimbia huku na huku ndani ya behewa wakipiga kelele, lile pale, lile pale, limehama! Halafu milango inafunguka na hewa inakupiga usoni. Hewa safi, baridi, kali, ina harufu ya nyasi zilizokatwa na msonobari uliolowa. Nilisimama tu pale stesheni navuta pumzi. Watu walinipita na mabegi yao, mimi navuta pumzi!

Sasa baridi. Hapa nisikilize vizuri, rafiki yangu. Kijiji kiko chini kuliko Arusha kwa kimo, ndiyo, chini kuliko Arusha, na ni majira ya joto, Julai, Agosti, mchana jua linachoma mpaka watoto wanavua mashati. Lakini jua likishajificha nyuma ya mlima, weee! Baridi inashuka papo hapo, inakaa mabegani, inaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa hiyo usimpakie mtoto mashati kumi ya kupigia picha. Mpe mfuko wa kulalia mzito kwelikweli, kigodoro cha kuzuia ubaridi wa ardhi, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua lisilopitisha maji, na viatu vya kupandia mlima ambavyo ameshavivaa nyumbani vikazoea mguu. Viatu vipya kabisa ni mateso. Mvua nayo haipigi hodi. Dakika hii anga ni buluu, dakika ile radi inanguruma bonde zima, mahema yanalia pa-pa-pa, na ndani ya hema watoto wamejikunja, wamejifunika, wanacheka, wanahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Raha iliyoje! Nilitaka mvua isikatike.

Ukipenda unalala kwenye ile nyumba ya mbao, vitanda vya ghorofa, ngazi zinazolia kila ukikanyaga. Ni nzuri, sikatai. Ila mimi nakwambia lala hemani, lala hemani, lala hemani! Uwanja wa mahema uko kandokando ya mto Kander, na mto huo haunyamazi. Unavuma usiku kucha, maji ya barafu iliyoyeyuka, meupe-meupe, yanabingirisha mawe. Usiku wa kwanza unadhani hutalala. Usiku wa pili huwezi kulala bila huo mvumo. Alfajiri unaamshwa na kengele za ng'ombe huko malishoni juu, nzito, za shaba, kila ng'ombe na sauti yake, na ukitoa kichwa nje ya hema unakuta umande umekaa juu ya kila kitu, kamba za hema zinang'aa, kilele cha mlima kimeshapata jua na wewe huku chini bado uko kivulini unatetemeka na kikombe cha chai. Na bado!

Chakula. Najua, hapa ndipo akina mama wanapokunja uso. Watoto watakula nini, mkate na jibini siku zote? Basi sikia uzuri wenyewe: kundi linaweza kujipikia. Majiko, masufuria, duka kijijini, na watoto wenyewe ndio wapishi. Sisi tulibeba bizari, iliki, mdalasini na karafuu kutoka nyumbani, na siku ile tulipotia pilau jikoni, jamani, jamani! Kitunguu kilipoanza kuwa kahawia, alikuja jirani wa kwanza, msichana wa Kireno, akasimama mbali kwa heshima. Iliki ilipoingia wakaja Wadachi wawili na sahani zao, hawakusema kitu, sahani tu wameshika. Kijana wetu mmoja, ambaye mama yake aliniapia kwamba hajui hata kuchemsha maji, alikuwa ameshika mwiko anaeleza kwa mikono na kwa Kiingereza cha kubangaiza kwamba hapana, usifunue, usifunue sufuria, mvuke unatoka! Walikaa chini kwenye nyasi wakangoja. Sufuria ikakwanguliwa hadi ukoko, na ukoko ndio uliogombewa. Kwa Waislamu jambo hili ni jepesi mno ukijipikia: nyama unaijua ilikotoka, au unapika maharage na samaki ukamaliza. Maji ya kunywa usinunue. Maji ya bomba ni salama, baridi, matamu, yanauma meno, jaza chupa yako twende.

Na swala? Hili hakuna aliyenidokeza, kwa hiyo nakudokeza mimi: kule Julai jua linachelewa kuzama, magharibi inaingia saa tatu na kitu usiku, isha ni karibu na saa sita za usiku! Vijana wetu walipatana mapema na kiongozi wao nani ataamsha nani, wakatandika mikeka yao nyuma ya hema la jikoni, kibla kusini mashariki, mto unavuma, nyota zimejaa mpaka zinatisha. Hakuna aliyewasumbua. Vijana wa makundi mengine walipopita walishusha sauti, wakaendelea na safari yao.

Choo, tuseme wazi, maana mtoto hawezi kukuuliza mbele za watu: vipo, vya kukaa, safi, na mabafu ya maji moto yapo. Karatasi ipo, kopo halipo. Chukua kopo lako. Hilo limekwisha.

Sasa wale wenye pinki! Wafanyakazi wa kituo ni vijana wa kujitolea kutoka nchi chungu nzima, wanavaa pinki, na wenyewe wanaitwa Pinkies. Unawaona kila kona, mmoja anakufundisha fundo la kamba, mwingine anakuvalisha mkanda wa kupandia ukuta, mwingine anapita na gitaa. Wanacheka! Wanakumbuka jina lako! Kijana wako akifika miaka 18 anaweza kuomba naye kuwa mmoja wao, na mimi nilimwona binti yetu mmoja mkubwa akiwatazama kwa jicho lile la mtu aliyeshapanga maisha yake. Mtoto wa mtu ameshaondoka yule, mwili tu ndio uliorudi Dar.

Ziwa. Nimejizuia mpaka sasa nisilitaje, nimeshindwa. Linaitwa Oeschinensee, unapanda gondola kutoka kijijini, unaning'inia juu ya misonobari, kimya, halafu unatembea kidogo, unakata kona, na miguu inasimama yenyewe. Majabali yamepanda wima pande tatu, barafu ya mlima Blüemlisalp inaning'inia juu, maporomoko yanashuka membamba membamba, na chini yake ziwa. Rangi gani ile? Ukichukua buluu ya kufulia kanzu ukaikoroga kwenye maziwa, hapo unakaribia, unakaribia tu. Watoto walivua viatu wakaingia. Mayowe! Baridi ya maji yale inakata, vifundo vya miguu vinauma, wanatoka wanaruka-ruka wanarudi tena, nani atakaa zaidi, nani atazamisha kichwa. Na kuna njia ya kutelezea mlimani kwa kigari, unashika breki, unajiachia, kona, kona, nywele nyuma, machozi yanatoka kwa upepo. Nilishuka nikapanga foleni tena. Na bado!

Ukiweza kuchagua tarehe, chagua iwe na Agosti 1 ndani yake. Ni siku ya taifa ya Uswisi, na usiku huo wanawasha mioto mikubwa milimani, taa za karatasi zinaning'inia barazani, fataki zinapasuka na mwangwi wake unagonga jabali hili unarudi jabali lile. Kambini kila kundi linaleta wimbo wake. Waswisi, Waitaliano, Wameksiko, wote wameimba, ikafika zamu yetu. Watoto wetu walianza na makofi tu, taratibu, halafu vigelegele. Vigelegele, rafiki yangu! Uwanja mzima uligeuka. Dakika kumi baadaye wasichana wa Kiswisi walikuwa wanatikisa ndimi wanajaribu, hawawezi, wanacheka, wanafundishwa tena. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo nalia. Nalia kabisa!

Basi kukumbuka nyumbani kutakuwepo, nisikudanganye. Kunakuja siku ya pili au ya tatu, jioni, mtoto ananyamaza ghafla, anachezea uji wake. Usimpigie simu kila saa, hilo ndilo ombi langu kubwa kwako mzazi. Kila kundi lina utaratibu wake wa simu, ufuate. Wa kwetu aliyelia jioni ile, kesho yake alipewa kazi ya kubadilishana beji kwa niaba ya kundi, akazunguka mahema na skafu ya kitenge shingoni, na skafu ile ilitafutwa kambi nzima! Akarudi na beji hadi mfukoni hamtoshi, na jina la rafiki mpya kila siku. Kwa hiyo mpakie beji nyingi, skafu za ziada, vikuku vya shanga, vitu vyepesi vya nyumbani. Hizo ndizo pesa halisi za kambini. Pesa zile nyingine ni faranga za Uswisi, maana hawatumii yuro, na kijijini vitu ni ghali, ghali kweli, kwa hiyo mpe kiasi na mwambie chokoleti ni ya siku ya mwisho.

Makaratasi, haraka haraka. Uswisi iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza hiyo. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe chini ya siku 15. Wewe usingoje hizo siku 15, utaumwa kichwa bure. Bima ya safari iwe ya matibabu yasiyopungua yuro 30,000. Mtoto anataka idhini ya wazazi wote wawili, kwa maandishi, na hapo ndipo safari nyingi zinapokwamia, baba yuko Muscat, mama yuko Tanga, barua haijasainiwa. Ianze mapema! Dawa za mtoto ziwe kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari, kiongozi azijue. Na nafasi za Julai na Agosti zinaombwa na dunia nzima, kwa hiyo kundi liandike kituoni mapema, kabla hata hamjakubaliana rangi ya fulana.

Na wenye mabinti, sikieni: ng'ambo ya mlima, Adelboden, Girl Guides wana nyumba yao, Our Chalet, iliyofunguliwa 1932, na kuna njia ya miguu inayopanda mpaka kwenye pengo la Bunderchrinde na kushukia huko. Tulikutana na kundi la wasichana waliotoka upande huo, wamechoka, wamechomwa na jua, vumbi mpaka kwenye nyusi, wanaimba! Hiyo sijaigusa bado. Nimeshauliza tarehe za mwakani, na majira ya baridi nayo kituo kinafunguliwa, theluji, sleji, chai ya moto, na bado, na bado!