Orodha ya miti kabla ya msingi

Butembo, mji wa Kivu mashariki mwa Congo, kazi ya kiwanja huanza kwa shoka. Fundi anapokuja kuchora nyumba, mikaratusi imeshauzwa kuwa miti ya ujenzi au makaa, na kilichobaki ni visiki. Orodha ya miti ilipaswa kutangulia mchoro, na kwenye mji wa vilima kama huu ina mitego yake.

Mtego mkubwa ni mteremko. Kwenye mwinamo wa nyuzi 30, mita 10 za utepe uliolazwa ardhini ni mita 8.66 tu kwenye ramani. Vipande vitatu vya namna hiyo vinasogeza mti mita nne, yaani ndani ya ukuta wa jirani. Dawa yake ni kushuka kwa ngazi: wawili wanashika utepe ukiwa mlalo kabisa, wa chini anateremsha timazi hadi ardhini, wanaweka kigingi, wanaanza upya kutoka hapo. Simu haisaidii sana. Chini ya majani ramani yake hukosea kwa mita kadhaa. Afadhali kupima kutoka kwenye jiwe la mpaka ambalo watu wa kadastri, yaani wapimaji wa ardhi, wanalitambua.

Shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.5, mpimaji akiwa amesimama upande wa juu wa mteremko. Tuseme utepe umezunguka sentimita 94. Gawa kwa 3.14, unene ni sentimita 30. Kanuni ya Uingereza, BS 5837 ya mwaka 2012, inazidisha unene huo mara 12: mita 3.6 kila upande wa shina zisichimbwe wala kurundikiwa mchanga na matofali. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25, mti mmoja tu unashika kama mita 40 za mraba kati ya 500. Binafsi nauchukulia mduara huo kuwa makadirio ya kuanzia, kwa kuwa mizizi ya mteremkoni haijipangi duara. Lakini ukiuchora mapema, unajua choo na tangi la maji vikae wapi.

Mkaratusi ulio katikati ya nyumba ukatwe, hakuna haja ya kuuombolezea. Ila kisiki kiandikwe "kung'olewa", kwa kuwa mkaratusi uliokatwa huchipua tena. Ule ulio ukingoni mwa bonde ni habari nyingine: mizizi yake ndiyo inayoshikilia ukingo, na Butembo inajua makorongo ya mmomonyoko. Na ukikuta prunasi ya Afrika, ambayo magome yake huuzwa nje kwa dawa ya tezi dume, fahamu kwamba biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1995.

Kisha kuna safu ambayo orodha za wageni huiacha: nani aliupanda? Kivu, kupanda mti wa kudumu ni kudai ardhi, ndiyo maana mpangaji wa shamba mara nyingi huruhusiwa maharagwe na kukatazwa miti. Mstari wa grevilea mpakani unaweza kuwa ushahidi wa kesi. Ulizeni wazee na majirani wote pamoja, hadharani, kabla ya kulipaka shina lolote rangi ya alama.

Beni, iliyo chini zaidi kuliko Butembo na yenye joto, swali hilo linakuja na fedha. Kakao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo mche, mti unaozaa na mti uliochoka haiwezi kuwa mstari mmoja wa orodha wenye bei moja. Mti wake wa kivuli, mvule labda, unahesabiwa peke yake.

Kuchelewesha orodha kuna gharama hata kwa wenye pesa. Nairobi, mti wa mugumo kando ya Waiyaki Way, uliokadiriwa kuwa na karne moja, ulipangiwa kung'olewa kupisha barabara ya Expressway. Amri ya Rais Uhuru Kenyatta iliuokoa Novemba 2020, baada ya malalamiko, wakati wakandarasi wakiwa tayari kazini. Huku Congo, sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa miradi inayoweza kuathiri mazingira. Nyumba ya mtu binafsi kilimani, kwa kawaida, inategemea utepe wa fundi wake.