Mahali pa Bahati katika Michezo ya Minara

Michezo ya kompyuta ya ulinzi wa minara ni ile ambayo adui huja kwa mawimbi, yaani makundi yanayofuatana kwa vipindi, huku mchezaji akitumia fedha chache alizo nazo kusimamisha kando ya njia yao minara inayofyatua yenyewe. Mchezaji hapigani, hupanga, hununua, kisha hutazama. Mbegu ya mtindo huu ilionekana katika Rampart, mchezo wa Atari Games wa mwaka 1990, ikakuzwa na mashabiki waliotunga ramani zao ndani ya Warcraft III baada ya mwaka 2002, na mwaka 2007 Desktop Tower Defense ya Paul Preece ikaufikisha kwa yeyote mwenye kivinjari cha intaneti. Wepesi wa sura yake umewafanya wengi wauone kuwa ni upuuzi wa kupotezea muda, na wanaosema hivyo hawajauchunguza.

Ugumu wa kuubuni hudhihirika ukiwekwa kando ya bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, halina dadu, na bado halichuji, kwa sababu upande wa pili ameketi mtu ambaye nia yake haisomeki. Mchezo wa minara kwa kawaida hauna mtu huyo. Adui akija vilevile kila mara, atakayegundua mpangilio mmoja unaofaa atakuwa ameumaliza mchezo, na wenzake watanakili tu. Bahati basi huingizwa ili ijaze nafasi ya mpinzani asiyekuwapo, na hapo ndipo maudhi huanzia, kwa kuwa bahati iliyowekwa pasipo pake humnyima ushindi hata aliyepanga vyema.

Ufundi wenyewe umo katika kuchagua mahali hapo. Kuna bahati inayotangulia uamuzi, ambayo humpa mchezaji hali asiyoitarajia kisha ikamwachia nafasi ya kuijibu, na kuna bahati inayoufuata, kama vile mnara uliowekwa panapostahili lakini ukakosa shabaha kwa sababu tarakimu ya siri imeamua hivyo. Gem TD, mojawapo ya ramani za Warcraft III, ilifanya jambo la werevu zaidi ya hayo mawili. Kila raundi mchezaji huweka vito vitano ambavyo aina na ubora wake huamuliwa na bahati; hubakiza kimoja kiwe mnara, na vinne vilivyosalia hugeuka mawe. Mawe hayo si hasara, maana huziba njia na kumlazimisha adui azunguke, hivyo kilichokataliwa ndicho kinachojenga kuta. Mahali huchaguliwa kabla kito hakijajulikana, na kito huchaguliwa baada ya mahali kuthibitika, kiasi kwamba bahati hukaa katikati ya maamuzi mawili na haipati neno la mwisho.

Katika Plants vs. Zombies ya mwaka 2009, George Fan alikwenda njia nyingine. Mchezaji huonyeshwa aina za zombi watakaokuja kabla ya kuchagua mimea yake, na kila mstari wa bustani una mashine ya kukata nyasi inayofagia zombi mara moja tu, yaani kosa moja husamehewa. Bahati inayofuata uamuzi imo pia, lakini ni ya neema: mmea wa mahindi hurusha punje, na mara mojamoja siagi inayomgandisha zombi aliyepigwa. Hakuna anayenung'unikia siagi.

Maudhi mengine husingiziwa bahati ilhali ni habari iliyofichwa. Wimbi la adui warukao, wasiojali kuta, likitokea bila taarifa, aliyetumia fedha zake zote kwa minara ya kupiga ardhini hushindwa papo hapo. Akirudia hushinda, lakini kwa kukumbuka, wala si kwa kufikiri. Mbaya kuliko yote ni michezo ambamo minara yenyewe hupatikana kwa bahati nasibu ya kulipia, kwani hapo anayeuza hufaidika na maudhi yaleyale ambayo mbunifu alipaswa kuyaondoa.

Kingdom Rush, iliyotolewa mwaka 2011 na Ironhide ya Uruguay, inaonyesha kwamba wasiwasi unaweza kupatikana bila dadu. Mawimbi yake yamepangwa, lakini mchezaji anaruhusiwa kuliita wimbi kabla ya wakati wake na kulipwa dhahabu kwa kila sekunde aliyoiokoa, hata ikiwa wimbi lililotangulia bado liko njiani. Dhahabu hiyo hununua mnara unaohitajika kuwazuia haohao walioitwa mapema, na hesabu ya kama utawahi kukamilika huachiwa aliyewaita.